Kilo Nne za Namba Kumi na Moja

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku tu wazima, ukiondoa usingizi, ambao nyumbani kwangu umekuwa kama mgeni mwenye haya: unafika mlangoni, ukisikia mtoto analia unageuka. Mwanangu ametoa meno mawili ya chini, na tangu siku hiyo jina lake hakuna anayelikumbuka, ni Meno Mawili mtaa mzima. Baba yake bado yuko kwenye malori. Anakaa siku mbili, anaondoka siku kumi. Mama hajambo ila goti. Nilipomwambia nakuandikia, alisema, "Msalimie," akaendelea kuchagua mchele.

Ninaandika kwa kuwa simu yako najua inalala kwenye droo, na hata ikiamka, sikio lako halipokei wageni.

Sasa neno lenyewe. Unalikumbuka banda la klabu pale ziwani. Ofisi ya michezo inataka liwe ghala la viti. Viti, mjomba. Katibu amewabembeleza hadi wakatoa sharti: kabla ya Juni kwisha, Visirani, vile vyombo vyetu vya tanga, visivyopungua vitano vishindane majini, kila kimoja na cheti chake cha kupimwa. Visipotimia, vyombo vyote vitatolewa nje vikatwe kuni.

Wewe hufundishwi Kisirani ni nini, lakini nilivyokiona mimi ni hivi. Chembamba kama ganda la mbegu, tanga lake kubwa kuliko haki yake, na anayekiendesha ni mmoja tu. Ashike usukani, ashike kamba ya tanga, na hapo hapo ajifunge kiunoni waya unaotoka mlingotini, asimame ukingoni na mwili wote uwe nje juu ya maji, ndipo kisipinduke. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, hawakukiona Kisirani. Siku ya kwanza kilinipindua mara kumi na nne. Siku ya pili mara tisa. Nikaona hapa kuna maendeleo.

Utauliza mama mwenye mtoto anayenyonya anatafuta nini huko. Kutwa nashona maturubai karakanani. Jioni nanyonyesha, nafua, napika, na kila anayepita ana neno la kuniambia. Ndani ya Kisirani kuna nafasi ya mtu mmoja. Nikilegea nalowa, nikikaza kinakwenda, na hakuna anayenililia. Sijapata mahali pengine pa namna hiyo.

Tatizo ni midomo ya watu. Tangu baba azame nacho, miaka kumi na tisa sasa, kila ninayemwomba aje kujaribu ananiambia, "Kile? Kile ni jeneza lenye tanga." Kwa hiyo nakuomba mawili. Wewe ndiye uliyekuwa mpimaji wa Visirani vyote; tuandikie barua niwasomee watu, kwamba ni vigumu lakini haviui. Na tutumie daftari la vipimo, Katibu anasema uliondoka nalo.

Namba kumi na moja ya baba ingali mwisho wa banda, chini ya turubai. Nataka iwe mojawapo ya hizo tano. Nitaiendesha mimi.

Mpwa wako,
Pini

27 Februari

Pini,

Marahaba sana. Barua yako imenikuta niko mzima kwa kadiri ya umri, na imenichekesha hapo pa meno. Mwambie huyo bwana mdogo ayatumie vizuri, yanapokuja hayana shukrani na yanapoondoka hayaagi.

Kazi ipo. Mtaa huu kila duka lina mizani na kila mizani ina ugonjwa wake. Juzi muuza nyama kaniletea ya kwake, analalamika imeharibika. Nikaitazama, nikaweka mawe ya kilo, nikamwambia, "Bwana, mbona inapima sawasawa?" Akanijibu, "Ndiyo maana nimeileta." Basi ndiyo maisha ya fundi mizani.

Nimefurahi umeingia majini. Usikaze mkono kwenye usukani, shika kama unavyoshika kidole cha mtoto. Ukitoka kwenye waya, piga hatua kwa mguu wa mbele kwanza, usiruke. Na kwenye tanga shona vipande viwili vya uzi wa sufi, kimoja kila upande. Vikilala sawa upepo umeukamata, vikichezacheza unajidanganya.

Hilo la barua nitalifikiria, ingawa sioni kama maneno ya mzee kiziwi yataongeza kitu. Watu hawapendi vitu vigumu siku hizi, sababu nyingine ni visingizio. Daftari sidhani kama ninalo. Nimehama vyumba vitatu, na panya wa huku wamesoma kuliko sisi.

Namba kumi na moja iacheni. Mbao zake zimeoza, niliziona mwenyewe kabla sijaondoka. Kama hao wa viti wanataka kuni, waanze na hiyo.

Dada yangu msalimie. Asilichoshe goti.

Mjomba wako

22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Meno Mawili ameongeza la juu moja, limetoka peke yake kama mlinzi. Ameniuma. Mama anasema nilimuuma hivyo hivyo, kwa hiyo deni limelipwa.

Nyuzi za sufi nimeshona, na hazidanganyi. Nimetoka kwenye waya nikabaki nje hesabu ya mia mbili, mgongo unakwaruza maji, na chombo kimenyanyuka kinaimba. Nilirudi ufukweni maziwa yamelowesha shati, nikacheka peke yangu kama kichaa.

Tuko wanne. Seremala amechukua namba nne. Katibu mwenyewe ana namba tisa, na kitambi chake kimekuwa mali: hahitaji kutoka nje sana. Muuguzi mmoja wa zamu anajifunzia namba sita niliyoanzia mimi. Mimi ni namba kumi na moja. Wa tano ndiye hapatikani. Mwenye namba tatu, yule mzee wa duka la vioo, chombo chake anacho nyuma ya nyumba, kimelala kifudifudi, lakini nikikitaja anafunga mlango. Aliniambia, "Binti, mimi siku ile nilitoka hai. Sirudii."

Namba kumi na moja haijaoza, mjomba. Seremala ameigonga kwa nyundo ubao kwa ubao, anasema mbao hizi zitatuzika sote. Sijui wewe uliona nini. Nimeanza kuipiga msasa.

Mama alikuja bandani. Mara ya kwanza tangu msiba. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto mapajani, akanitazama nikifanya kazi kama saa nzima. Hakuigusa. Nikamuuliza siku ile ilikuwaje. Akasema, "Upepo. Mjomba wako ndiye aliyeandika ripoti, na aliandika upepo." Nikasema wengine mbona walirudi. Akasema, "Muulize yeye, alikuwa kwenye mashua ya uokoaji."

Basi nakuuliza. Wewe ulikuwepo.

Katibu amesoma sheria za zamani. Anasema kipimo kikubwa ni kile cha kuzamisha: chombo kinajazwa maji pomoni, mwenye chombo anakaa ndani, kinaachwa nusu saa. Kikielea kinapewa cheti. Ndani ya namba kumi na moja cheti chako kipo bado, kimepigiliwa kwa misumari minne, na saini yako imesimama vizuri. Sisi tutaipima upya, lakini kabla ya hapo, tarehe nne Mei, nataka niionjeshe maji kidogo.

Daftari litafute tena. Panya hawali jalada la ngozi.

Pini

11 Aprili

Pini,

Usiitie majini namba kumi na moja. Isiguse maji hata ufukweni, hata kwa kujaribu, hata Katibu akiwa karibu. Tafuta chombo kingine.

Usiniulize sababu. Nimekupima kwa mikono yangu ulipozaliwa, kwenye mizani ya duka, kilo mbili na robo, ndiyo ukaitwa Pini. Mtu aliyekupima hivyo akikwambia usiingie, usiingie.

Mjomba wako

28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako fupi ilinikuta jana. Ilichelewa. Sababu uliyonikataza nisiiulize nilikuwa nimeshaitia mkono.

Jumamosi nilikuwa nimeingia kichwa na mabega sehemu ya nyuma, napiga msasa sanduku la hewa. Kisirani kina masanduku mawili yaliyozibwa, mbele na nyuma, na ndiyo yanayokifanya kielee kikijaa maji. Hilo ulinifundisha wewe nikiwa mdogo, kwa bakuli na kopo la maziwa. Mkono ukapita juu ya ubao, ubao, ubao, halafu ukapita juu ya kitu kingine. Macho yalisema ni ubao, rangi ni ile ile nyeupe. Lakini mimi nashona turubai saa tisa kwa siku. Lipake rangi hata mara tano, vidole vyangu hutavidanganya. Nikalibonyeza, likabonyea kama tumbo. Nikachukua kisu.

Ukuta wa sanduku haupo, mjomba. Umekatwa wote, kushoto na kulia. Imebaki fremu, na juu yake turubai lililovutwa vizuri, gundi, rangi. Ukitazama kikiwa kikavu huoni kitu. Kikijaa maji, nyuma hapana sanduku la hewa. Pana mfuko.

Seremala aliposogea kuona, alipiga mluzi. "Kumbe ndiyo siri ya mbio za mzee wako," akasema. Jumatatu nikamkuta ameshachora mistari ya penseli kwenye sanduku la namba nne, ili naye akate apunguze uzito. Nilimpokonya msumeno. Akasema, "Lakini hii ilipita, si unaona cheti?" Na kweli, cheti kipo.

Nimelala na jambo hili siku nyingi, na nimebaki na swali moja. Siku ile chombo kilijaa maji kikazama. Turubai la gundi, maji yakilielemea kiasi hicho, lazima lichanike. Nililolikata mimi Jumamosi halikuwa na mchaniko hata mmoja. Liliwekwa baadaye. Na baada ya msiba banda lilifungwa, ufunguo ukabaki kwa mtu mmoja.

Sikutukani. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kwenda shule siku baba yuko kaburini na Mama hawezi kunyanyuka. Sijasahau, na sitajilazimisha kusahau ili nipate nafuu ya kukasirika.

Lakini sikiliza. Tarehe nane Juni tuna mkutano bandani. Muuguzi amesikia lile neno la jeneza, mume wake amemkataza, anataka kujitoa. Seremala anataka kukata. Watu wanaogopa chombo kisicho na kosa, na wanakitamani chenye kosa. Nataka barua yenye mambo yote, kwa mkono wako, iwe hapa kabla ya siku hiyo. Isipofika nitasimama niseme nilichokigusa, na wasikilizaji watajaza wenyewe yaliyobaki, na unajua watu wanavyojaza.

Mama sijamwambia. Sikufichii. Ni kwamba hilo si langu la kusema, ni lako.

Meno Mawili ana manne.

Pini

21 Mei

Pini,

Salamu nitaziweka mwisho, zikibaki.

Ulitaka kwa mkono wangu. Mkono huu hapa.

Mwaka ule baba yako alikuwa anaongoza. Nilipima chombo chake mwanzo wa msimu, kikazidi uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa kilo nne. Si kosa, chombo kizito kinaruhusiwa. Ni hasara tu. Nikamtania mbele ya watu, "Shemeji, umepakia abiria?" Wakacheka. Yeye hakucheka. Baada ya wiki mbili akakirudisha, kikawa sawasawa na kiwango, hakina hata gramu ya ziada.

Mimi ni fundi mizani. Kilo nne haziyeyuki. Na soksi zake zilikuwa na unga wa mbao. Niliuona, nikatazama pengine, kwa sababu nilikuwa nimemwaibisha na nilitaka yaishe.

Siku ya kukizamisha akasema vanishi haijakauka, ikilowa sasa itaharibika, tufanye wiki ijayo. Mashindano yalikuwa kesho yake. Nikatia saini. Nilikuwa nimetia saini vyombo kumi na vitatu asubuhi ile, na vyote nilivizamisha. Hiki kilikuwa cha kumi na nne. Mkono ulikwenda wenyewe.

Siku zile tulipenda chombo kiwe chepesi na mtu awe mzito. Alivaa fulana nne za sufi zilizoloweshwa, ili akining'inia kwenye waya awe na uzito. Boya la kifuani halikuwa lazima. Upepo ulikuja kweli, hilo sikudanganya. Wawili walipinduka, mbali na kila mtu: namba tatu upande mmoja, namba kumi na moja upande wa pili. Mimi nilikuwa kwenye mashua ya mota, katikati. Nilitakiwa kuchagua.

Nilimwendea namba tatu.

Utanielewa, au hutanielewa. Cheti cha namba tatu kilikuwa kimekwisha muda, na hakikuletwa kupimwa upya. Cha baba yako kilikuwa cha jana. Kichwani mwangu yule ana nusu saa, huyu sijui ana dakika ngapi. Sikukumbuka kwamba sikukizamisha. Nakuapia, Pini, dakika ile sikukumbuka. Niliiamini saini yangu mwenyewe. Nilipomfikia mzee wa vioo, alikuwa amekaa juu ya chombo chake kama mtu aliye kibarazani, anakamua kofia. Nikageuza. Nilipofika kwa baba yako zilikuwa zimepita dakika kumi na nane, na kilichokuwa juu ya maji ni ncha ya mlingoti.

Kilipopandishwa, nilikuwa wa kwanza kutazama nyuma. Turubai limechanika linaning'inia. Siku ya tatu, watu wote wako msibani kwenu, nilikwenda bandani mchana nikaweka jipya, nikapaka rangi. Sikuona haja watu waseme marehemu alidanganya. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kisha nikaandika upepo.

Watu wakaanza kusema Visirani vinaua. Mmoja akaacha, wa pili akaacha. Niliwaacha waseme. Kila walipokitaja Kisirani, walikuwa hawanitaji mimi. Ndipo nikahama.

Daftari limo ndani ya kifurushi hiki. Panya hawakuligusa.

Sitakuja. Sikio si sababu. Dada yangu msomee kabla ya watu au pamoja na watu, utaona wewe lililo jema.

Msalimie, kama atapokea.

Mjomba wako

3 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa kila nikikaa na kalamu, mtu ananihitaji. Leo nimemwacha Meno Mawili kwa jirani, ana meno sita na mafua. Baba yake yuko safarini. Nimesikia kifua chako kinakusumbua; dereva mmoja alipita kwenye karakana yako. Kunywa dawa, usijifanye chuma.

Uliniandikia kwamba nitaona mimi lililo jema. Ulirudisha mzigo mikononi mwangu, mjomba, na mimi mikono imejaa. Lakini nilimsomea. Ilikuwa siku mbili kabla ya mkutano, jikoni, mtoto yuko sakafuni anagonga sufuria. Nilisoma bila kuruka neno. Nilipomaliza, Mama alisema, "Rudia pale pa namba tatu." Nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo alikuwa anakuona ukienda kwa mwingine." Alikuwa anasema nawe, si na mimi. Kisha akamwondolea mtoto sufuria, akaanza kuiosha, na ilikuwa safi.

Salamu zako nilizifikisha. Hakuzijibu.

Mkutano ulijaa kuliko tulivyotegemea. Watu wakisikia kuna la kusikiliza hawakosi. Nilisoma barua yako yote. Nilipomaliza alisimama mzee wa vioo, kofia mkononi, nadhani ni ile ile. Akasema, "Mimi nilikuwa nimekaa. Sikuwa na shida yoyote." Akasema mara ya pili, "Nilikuwa nimekaa tu." Halafu akasema, "Miaka kumi na tisa nimekiita jeneza chombo nilichokipenda kuliko watu wengi." Akatoka. Tulidhani ndiyo basi. Baada ya siku tano alikuja na namba tatu juu ya mkokoteni, kaiosha, hakusalimia mtu. Ndiye wa tano wetu. Mume wa muuguzi naye aliacha kumkataza. Seremala alifuta mistari yake ya penseli, akalamba kidole akafuta tena.

Kuna jambo utalisikia kwa wengine, ni afadhali ulisikie kwangu. Kwenye ule ubao wa majina ya wapimaji, jina lako limeondolewa. Kura zilikuwa nyingi. Katibu aliuliza nani atalifuta, na watu wakatazama chini. Nikachukua msasa. Sikutaka lifutwe na mkono usiokujua. Lilikuwa limechongwa ndani sana, lilinichukua asubuhi nzima, na bado ukisimama kwa pembeni mwanga wa dirisha unalionyesha. Nimeliacha hivyo.

Ukurasa wako kwenye daftari sijauchana. Nimeandika chini yake tarehe na neno "hakikuzamishwa", basi.

Tulishindana tarehe ishirini na tisa. Upepo wa wastani. Tulitoka watano na tukarudi watano, Katibu alipinduka mara tatu, mzee wa vioo akawa wa kwanza kwa mbali, amening'inia kwenye waya na mvi zake kama mtu wa miaka ishirini. Watu walikuwa wamesimama juu ya magogo kumtazama. Wasichana wawili wa shule ya jirani walimuuliza vinauzwa wapi. Mimi nilikuwa wa mwisho. Seremala amerudisha kuta za sanduku kwa ubao mzito na skrubu, na namba kumi na moja sasa ina kilo zake nne na nyingine moja juu. Inakwenda kama mtu aliyekula sana. Karani wa ofisi ya michezo alihesabu vyombo, akaandika tano, akasema uamuzi utatoka Agosti, na kwamba viti vimeshanunuliwa. Kwa hiyo huenda tumefanya yote haya na banda likaenda. Sijui.

Kuna moja nimeliacha nyuma, kwa sababu nilikuwa siwezi kuliandika nikiwa na haraka.

Tuliizamisha kabla ya mashindano, mbele ya watu, pale penye maji ya kiunoni. Sheria inasema akae ndani mwenye chombo. Nilikuwa nimeshavua viatu. Mama akaniwekea mkono begani, akasema, "Wewe unaiendesha. Mwenyewe ni mimi." Akaingia na nguo zake, na goti lile. Seremala akamshika mkono, Mama akautoa. Akakaa ndani, tukamimina ndoo kwa ndoo hadi maji yakafika kingo na Mama akalowa hadi kifuani, akashika ukingo huku na huku, macho yake kwenye ziwa. Aliomba kitu kimoja tu: Katibu asome dakika kwa sauti.

Katibu akasoma. Moja. Mbili. Kwenye nane mtoto akaanza kulia, sikwenda. Kwenye kumi na mbili Mama alikuwa anatetemeka na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke. Kumi na sita. Kumi na saba. Katibu alipofika kumi na nane alishindwa kuitamka, akainua vidole tu, na Mama akamgeukia akasema, "Itamke." Akaitamka.

Mama akaniuliza, "Bado inaelea?" Amekaa ndani yake, mjomba, na ananiuliza mimi.

Nikasema, "Inaelea, Mama."

Akasema, "Basi mwandikie."

Pini